Kulala Hemani Bila Soksi

Hezekiah alifariki siku ya Jumatano, mwezi wa tatu, asubuhi ambayo mlima ulikuwa umefunguka wote, bila wingu, mpaka kwenye ncha. Alikuwa shambani akipanda viazi. Mimi nilikuwa jikoni nikichuja chai. Nilipotoka kumwita niliona jembe limesimama peke yake katikati ya mstari, limekwama udongoni, na yeye amelala kando yake kwa ubavu kama mtu anayepumzika. Nilimwita tena kabla ya kuelewa. Daktari alisema baadaye kwamba ulikuwa moyo, na kwamba hata tungekuwa na gari mlangoni lisingesaidia.

Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na slipingi yake. Alikuwa ameshuka mlimani na kundi la mwisho la wageni kabla ya mvua, akaianika mwenyewe kama kawaida yake. Siku ile nzima watu waliingia na kutoka uani wakiinama chini ya kamba, wakiisukuma kwa mkono ili wapite, na hakuna aliyeiondoa. Jioni, wingu lilipoanza kushuka, niliinuka katikati ya wimbo wa akina mama wa kanisa, nikaitoa, nikaikunja, nikaiweka chini ya kitanda. Kati ya yote niliyofanya siku ile, hilo tu ndilo ninalokumbuka kulifanya.

Wasiojua, slipingi ni ule mfuko wa kulalia ambao watu wa mlimani huingia ndani yake kama hindi kwenye maganda yake. Hapa Naro Moru kila nyumba yenye mpagazi inao, mzuri au mbovu. Wa Hezekiah ulikuwa mzuri, wa manyoya ya bata, alioachiwa na mgeni mmoja mzee aliyesema hatapanda mlima tena. Slipingi ya namna hiyo haifuliwi ovyo, manyoya yanaweza kushikana mabonge na joto likaisha. Huanikwa tu. Kwa hiyo ile yake ilikuwa imebeba miaka yake yote ya kazi, kwanza ya upagazi, halafu ya upishi. Ilinuka moshi wa jiko la mafuta, jasho lake, na majani ya chai, kwa sababu pakiti ya chai aliilaza miguuni isipate unyevu. Wageni walimcheka kwa hilo. Yeye alisema afadhali alale na chai kuliko kuamka bila chai.

Katika ukoo wa mume wangu nguo za marehemu hazikai sandukuni. Zinafuliwa, zinakunjwa, na siku moja ndugu wanaitwa na kila mtu anapewa kitu. Lisilofuliwa halitolewi, hiyo ndiyo desturi, maana haifai kumvalisha mtu jasho la aliyekufa. Tuligawa zake mwezi wa nane. Koti lilienda kwa binamu yake wa Kianyaga, viatu vya mlimani kwa jirani yetu Wamae aliyechimba kaburi, saa kwa binti yetu Wangui. Tabby, dada mkubwa wa Hezekiah, ndiye aliyesimamia. Mwisho aliniuliza mbele ya watu slipingi iko wapi, kwa kuwa Muchangi aliihitaji.

Muchangi ni kitinda mimba wao. Naye hubeba mizigo mlimani, na mwaka ule alikuwa akipanda na blanketi mbili na gunia la mahindi la kutandika chini. Alikuwa amerudi na kikohozi kisichoisha. Kila mtu pale alimsikia akikohoa nje wakati dada yake akiuliza. Yeye mwenyewe hakuomba chochote.

Nilisema nitaifua nikipata nafasi.

Sikuifua. Kuitoa kusingekuwa shida, Muchangi ni kama mwanangu. Shida ilikuwa beseni na sabuni. Ile harufu ndiyo iliyokuwa imebaki, na kwa kila siku niliyofungua mfuko na kuinusa ilipungua kidogo, nikawa najikataza kuufungua ili isiishe.

Mwezi wa kumi na mbili Tabby alikuja na mayai kwenye kiondo, akakaa jikoni mpaka chai ikaisha. Alisema wageni wa Januari wameshaanza kuandikisha majina, na Muchangi amepata kundi la mwisho wa mwezi.

"Mama Wangui, mimi sikusukumi," alisema. "Lakini nimeshazika ndugu mmoja. Huyu mwingine nataka alale pahali pa joto."

Nilimwambia anipe mpaka nirudi kutoka pwani. Nikirudi nitamwambia ndiyo au hapana, na nikisema hapana asiniulize tena.

Safari ya pwani ilikuwa ya Hezekiah. Kuna mgeni aliyewahi kumsimulia kambi moja huko Watamu, ng'ambo tu ya mbuga ya taifa ya bahari, ambako mtu anapiga hema mchangani na halali na soksi, wala kofia, wala koti. Hezekiah aliirudia hadithi hiyo kila aliposhuka na miguu iliyokufa ganzi. Tutaenda, alisema, mimi na wewe, tulale hemani bila soksi. Mimi nilikuwa nimefua na kushona mahema ya watu maisha yangu yote ya ndoa na sikuwahi kulala ndani ya hata moja. Wangui, ambaye anafanya kazi kwenye shamba la maua huko Timau, alisikia hadithi hiyo tangu utotoni. Ndiye aliyepiga simu kambini akatushikia nafasi ya mwezi wa kwanza. Yeye hakuweza kuja, waridi za mwezi wa pili, za siku ya wapendanao, haziachi mtu apumue. Kwa hiyo nilienda na Tabby.

Tabby alifunga nduma, sweta mbili na chupa mbili za chai. Mimi nilifunga hema la zamani la Hezekiah na slipingi. Aliponiona nikiishusha kutoka kwenye basi alishindwa kujizuia.

"Ati umeleta slipingi huku? Mama Wangui, huku hata kuku anatoa koti."

Nilimwambia alale na sweta zake na aniachie mizigo yangu. Alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akaibeba yeye.

Mwangalizi wa kambi aliitwa Chengo, mtu mwembamba wa makamo mwenye kikoi kilichofifia, Kiswahili chake kinateleza kama maji, sisi tukaona aibu kufungua vinywa. Alitupokea vizuri. Alituonyesha bomba la maji baridi, choo, jiko, na mahali pa hema, chini ya mivinje, ile miti mirefu yenye majani kama nywele, ambapo palikuwa na duara la mawe na wageni wengine walikuwa wamepiga. Kisha akaitwa langoni akaenda.

Niliangalia juu. Kulikuwa na matawi makavu. Nikamsikia Hezekiah kama yuko mgongoni pangu. Alikuwa na kanuni zake za hema na alizirudia kila tulipotandaza mahema uani kuyashona. Usipige chini ya mti, tawi halina urafiki na mtu, na mvua ikiisha mti bado unanyesha. Usipige penye kivuli, nyati naye anakipenda. Tafuta uwazi, pawe sawa, pawe karibu na maji ili mpishi asitembee mbali. Mlango uupe upepo mgongo.

Chini, mbele ya ile miti, kulikuwa na mchanga mpana, mgumu, ulio sawa kama meza. Bahari ilikuwa mbali kabisa, mstari tu wa buluu, na kati yake na sisi watu walikuwa wakitembea juu ya miamba wakiinama kuangalia vidimbwi. Nilimwambia Tabby kwamba Hezekiah asingepiga chini ya miti ile. Hakubisha. Jirani mmoja wa kambi, msichana kutoka Nairobi, alituuliza kama tuna uhakika, na Tabby akamjibu kwamba sisi ni watu wa mlima, hema hatufundishwi.

Tulilipiga vizuri. Hilo nitalisema. Kamba zilikaza, vigingi nilivilaza na kuvizika kwa mawe jinsi alivyofanya yeye penye changarawe. Juu kidogo ya hema, upande wa miti, kulikuwa na mstari mrefu wa majani meusi makavu na vijiti na vifuu vya nazi, ukienda ufuo wote. Tabby alisema watu wa hapa hawafagii. Alivunja tawi akafagia uchafu ule wote mbele ya mlango wetu mpaka pakawa safi kama uwanja wa kanisa Jumamosi jioni. Mimi nilitandika slipingi ndani, upande wa kulia, ambao ndio upande wake nyumbani. Niliifungua zipu kidogo tu, nikanusa, nikafunga. Ilikuwepo bado.

Kisha tukaenda kuiona mbuga. Nyumbani mbuga ni lango, na msitu, na askari mwenye bunduki, na baridi. Hii ilikuwa maji. Walitupakia kwenye mashua yenye kioo sakafuni, tukainama, na chini yetu kulikuwa na samaki wa manjano wenye mistari wakienda pamoja kama watoto waliotoka shule. Tabby alishika goti langu njia nzima na hakuliachia. Alisema tu kwamba Mungu alifanya kazi nyingi mahali ambapo hakuna mtu wa kuona. Niliwaza kwamba Hezekiah angewauliza samaki wale wanapikwaje. Nilicheka peke yangu, na nilipocheka nikagundua kwamba nilikuwa sijafanya hivyo kwa muda mrefu.

Tulirudi kwa njia ya ndani, ya kijijini, tukinunua maembe, kwa hiyo hatukuiona bahari mpaka tulipotokea kwenye mivinje. Nilidhani tumepotea. Ule mchanga mpana haukuwepo. Watu hawakuwepo, miamba haikuwepo. Maji yalikuwa yamekuja mpaka karibu na mizizi ya miti, yametulia, yanameta, na ndani yake Chengo alikuwa amesimama, maji yakimfika kiunoni, amekumbatia kitu cha kijani kilichovimba. Ilinichukua muda kujua kwamba ni hema letu.

Niliingia majini na viatu. Tabby alinishika sketi kwa nyuma akisema sijui kuogelea, naye pia hajui, na tutazikwa mbali na kwetu. Nilimburuta tukaenda sote wawili. Chengo alikuwa amelifungua hema vigingi vyote, na maji yalikuwa yamelijaa kama kiriba. Alisema amefika akalikuta tayari linaelea, na vitu vidogo vimekwenda, chupa moja ya chai na sweta. Nilimuuliza kama kuna mfuko mwekundu wa kulalia ndani. Alisema kuna kitu kizito.

Tuliuvuta watu watatu. Uzito wake ulikuwa kama wa kondoo aliyenyeshewa. Tuliulaza juu, kwenye majani ya mivinje, na maji yakawa yanautoka pande zote.

Nilipiga magoti nikafungua zipu mpaka mwisho. Niliingiza uso ndani. Nilitafuta moshi upande wa kichwa. Nilitafuta majani ya chai upande wa miguu. Nilirudia. Ilikuwa bahari tu, toka juu mpaka chini, harufu ile ile iliyokuwa kwenye mikono yangu na kwenye sketi yangu na kila mahali pale.

Chengo alikuwa amesimama kando akikamua kikoi chake. Alisema siku za mwezi mpya maji hujaa sana namna hii, wao huita bamvua, na ule mstari wa majani makavu ndio unaoonyesha yanapofika. Alituuliza kwa upole kama hatukuuona.

"Tuliufagia," Tabby alisema.

Chengo alimtazama. Akatazama chini, na niliona mabega yake yakitikisika. Na Tabby, ambaye alikuwa analia, akaanza kucheka akiwa bado analia. Mimi sikuweza chochote kati ya hivyo viwili. Nilikaa pale na mkono wangu ukiwa ndani ya mfuko.

Baadaye kidogo Chengo aliinama akaniambia, "Mama, maji ya chumvi yakikauka humo yatakula kitambaa. Lazima isuuzwe maji baridi leo leo."

Tabby alikuwa ameshainuka. Alichukua beseni la kambi, akafungua bomba, akakunja mikono ya blauzi. Alifanya yale ambayo mtu yeyote angefanya, na hakulitaja jina la Muchangi, wala mlima, wala wageni wa Januari. Nataka hilo likumbukwe juu yake.

"Acha," nilimwambia. "Nitaiosha mwenyewe."

Akaacha. Nikamuuliza kama sabuni yetu ilipona. Ilikuwa kwenye kiondo, tulikuwa tumekwenda nacho mbugani. Alinipa, naye alijua ninaomba nini, maana kutoa chumvi hakuhitaji sabuni.

Niliikanyaga kwa miguu ndani ya beseni kama tunavyofanya blanketi nyumbani, polepole, kwa sababu ya manyoya. Maji ya kwanza yalitoka ya rangi ya chai. Niliyaangalia kwa muda kabla ya kuyamwaga. Ya pili yalikuwa ya kijivu. Tabby alikuwa ameshika bomba, akifungua na kufunga nilipomwambia. Kuna wakati aliniuliza kama Hezekiah angekasirika kuona tumepiga hema baharini. Nilisema angetaka kwanza kujua ni nani aliyetufundisha. Tabby akasema basi ajilaumu. Hapo ndipo na mimi nilipocheka, na machozi yakaja pamoja nayo, lakini hayakuwa mengi na hayakunizuia kufanya kazi.

Kwetu slipingi ile ingechukua juma zima kukauka, na ingenuka ukungu. Huko jua liliishughulikia. Tuliiweka kwenye majani makavu, tukaigeuza, na kila ilipokauka kidogo Tabby alikaa nayo mapajani akiyatafuta mabonge ya manyoya kwa vidole na kuyaachanisha, kama mtu anayesuka nywele za mtoto. Alifanya hivyo siku iliyofuata yote na nusu ya nyingine, wala hakurudi mbugani ingawa nilimwambia aende. Hema tulilipiga chini ya mivinje, ndani ya duara la mawe. Hakuna tawi lililoanguka. Tulilala juu ya leso, bila soksi, mlango wazi, na Tabby alikoroma vizuri kuliko mawimbi.

Nilikuwa nimewaza kwamba nikilala hivyo nitamlilia. Nililala tu.

Siku ya kuondoka Chengo alitusindikiza mpaka barabarani. Tabby alimpa nduma zilizokuwa zimebaki, akamweleza jinsi ya kuzichemsha, na akamwambia akija Naro Moru kupanda mlima sisi tutamwonyesha mahali pa kupiga hema. Chengo alisema atakuja, lakini atafagia kwanza.

Tuliporudi nilimwita Muchangi. Alikuja jioni, akasimama mlangoni jinsi anavyosimama, kama mtu aliyeleta mzigo wa watu wengine. Nilimpa slipingi. Aliigusa, akaona imefuliwa, akanitazama usoni. Kisha akainusa, na nadhani hakujua kwamba nilikuwa namwangalia.

"Inanuka chumvi kidogo," alisema.

Nilimwambia ilikuwa pwani na kaka yake. Nilimpa pakiti ya chai ya kuweka miguuni.

Kikohozi kimepungua. Akishuka mlimani hupitia kwangu kabla ya kwenda kwake, ananiachia slipingi, anakunywa chai amesimama, anaondoka. Naianika kwenye kamba ile ile mpaka jioni. Sijaifua tena.